Tulivyokwenda Kulala Nje Msimbati

Tangu turudi, kila nikipita barazani kwa mtu naulizwa jambo lile lile: ni kweli mlikaribia kuganda kwa baridi, tena pwani? Na anayeuliza huanza kucheka kabla sijajibu. Wengine wamesikia tulikamatwa na mgambo, wengine kwamba Longinus alikufa akafufuka. Nimechoka kusimulia vipande vipande, na kila kipande kinanirudia kimetiwa chumvi na mtu ambaye hata hakuwepo. Basi naandika safari nzima, kutoka mlangoni kwetu, mtaa wa Rahaleo, Mtwara, mpaka mlangoni kwetu. Atakayeuliza tena nitampa karatasi asome, mimi niendelee na shughuli zangu.

Rahaleo

Wazo lilikuwa la Bwana Chilumba. Kwa wale wasiomjua, yeye ni mhasibu katika ofisi yetu ya bandarini, ofisi ambamo mimi napiga chapa. Ni mtu wa Masasi, mpole, mwenye miwani mizito, na alipokuwa shule alikuwa skauti. Huo uskauti ulimwachia filimbi moja, ambayo hutembea nayo mfukoni hata leo, na imani kwamba mtu hajakamilika mpaka alale porini.

Mwezi wa saba mikorosho ndiyo kwanza inachanua, kwa hiyo bandarini kazi huwa nyepesi. Bwana Chilumba akatukusanya, akatuambia ofisi imekubali kutupa lori la kutupeleka na kuturudisha, na kwamba mapumziko ya Sabasaba mwaka huu tutayafanyia Msimbati, ufukweni, kambini.

"Tutalala ndani ya nini?" akauliza Bi Sharifa wa masjala. Bi Sharifa ni mtu wa Mikindani, ametuzidi wote umri na ulimi.

"Mahema yapo," akasema Bwana Chilumba.

"Na blanketi?"

Bwana Chilumba akatabasamu kwa heshima. "Bi Sharifa, tunakwenda baharini. Hatuendi Njombe."

Sote tukamgeukia Longinus, kwa sababu Longinus ni mtu wa Njombe. Alihamishiwa kwetu mwaka jana kuwa karani wa ghalani, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Alipofika alikuwa na koti la sufi lililomfika magotini. Alilivaa siku yake ya kwanza kazini, watu wakamcheka mpaka saa ya chai, na mwisho wa mwezi akalituma kwao akapewe mdogo wake. Sasa aliulizwa anaonaje juu ya baridi ya Msimbati, akasema yeye hajawahi kusikia kwamba Mtwara kuna baridi. Maneno ya mtu wa Njombe yakawa ndiyo hukumu.

Kwa hiyo nilifungasha hivi: khanga, gauni lisilo na mikono, miwani ya jua, mwavuli wa jua, mafuta ya nazi. Mama yangu alisimama akiniangalia. Nilidhani atasema neno juu ya baridi, lakini alichofanya ni kunitilia chupa ya achari ya maembe. Mwenzetu mmoja alibeba gramafoni ya mkono na santuri zake zote. Bwana Chilumba alivaa kaptura.

Njia ya Madimba

Tuliondoka asubuhi tukiimba. Mzee Saidi, dereva, si mtu wa nyimbo, lakini alikuwa akipiga honi penye kiitikio. Tulipita mashamba ya mihogo na mikorosho, watu wakatupungia mikono, nasi tukawapungia kama wageni wa serikali.

Kabla ya Madimba lori likazama mchangani. Mchanga wa njia ile ni laini kama unga, na kadiri Mzee Saidi alivyokanyaga mafuta ndivyo magurudumu yalivyojichimbia kaburi. Tukashuka. Tukasukuma. Tukakata majani tukayatandika. Lori likatazama mbele, likaguna, likakaa.

Hapo Bwana Chilumba akapuliza filimbi ili tujikusanye tugawane kazi. Sijui upepo uliibeba vipi ile filimbi, lakini haukupita muda vijana wa Madimba wakatokea kwenye mikorosho ya upande huu na wa ule, wakiwa na mpira wa matambara, na mmoja tayari amevua shati.

"Tumesikia mpira unaanza," akasema.

"Hakuna mpira," Bwana Chilumba akaeleza. "Tumekwama."

Yule kijana akalitazama lori, akatazama filimbi. "Tucheze kwanza, halafu tutawasukuma."

Tukacheza. Wanaume wetu walifungwa magoli ambayo sitataja idadi yake kwa heshima ya ofisi. Longinus alisimama golini kwa sababu ya urefu wake, lakini mara kwa mara alikuwa akijiegemeza kwenye mti uliokuwa nguzo ya goli, na nilipompelekea maji alisema kichwa kinamuuma kidogo, ni jua. Sisi wanawake tulikaa kivulini tukanunua ming'oko kwa akina mama waliokuja kutazama mchezo, ile mizizi ya porini iliyochemshwa, tukaichovya kwenye chumvi na pilipili. Achari ya mama yangu ikafunguliwa pale pale. Mikate tuliyobeba kwa siku zote za kambi ikaliwa pale pale pia, na hakuna aliyeona kosa, maana tulikuwa tumefurahi.

Vijana wakatimiza ahadi. Wakalinyanyua lori kama kitanda, wakatuaga, na mmoja akamwomba Bwana Chilumba filimbi, akakataliwa kwa upole.

Msimbati

Tulifika Msimbati jua limeshageuka. Wenyeji mnapajua: ng'ambo ya Ruvuma kuna vita, Mreno anapigana na watu wanaodai nchi yao, na huku kwetu hakuna mgeni anayeshuka kwenye gari bila kuulizwa. Kamanda wa mgambo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnataka kulala ufukweni."

"Ndiyo, ndugu kamanda."

"Kwa sababu gani?"

"Kupumzika," akasema Bwana Chilumba.

Kamanda akatuangalia mmoja mmoja: miwani ya jua, gramafoni, Bi Sharifa na buibui lake. Akatuambia tunaweza kukaa kwenye miti ile ya mivinje iliyo baada ya kijito cha mikoko, lakini tusisogee kusini zaidi ya hapo hata hatua moja. "Na moto mwisho magharibi. Kiza kikiingia sitaki kuona hata kijinga cha moto. Kuna boti zao hupita huko nje, zikiona moto zinajua penye watu."

Tulikubali yote. Mzee Saidi akageuza lori, akasema atarudi siku ya tatu, akaondoka kabla mchanga haujabadili mawazo.

Kijito

Bwana Chilumba alikuwa amekuja kukagua njia mwezi mmoja nyuma, na alituambia kijito kile mtu anavuka bila kuvua viatu. Ni kweli, maji yakiwa yametoka. Sisi tulikikuta yakiingia. Mikoko imesimama majini mpaka kiunoni, na kile kijito cha viatu kimekuwa mto.

"Tungoje yatoke," akasema Bi Sharifa.

"Tukingoja, kiza kitatukuta hatujawasha hata moto wa chai," akasema Bwana Chilumba. Na hapo alikuwa na haki.

Ndipo Longinus akavua shati, akachukua mzigo wa kwanza kichwani, akaingia. Maji yakamfika kifuani. Akaenda, akarudi, akabeba mwingine. Wengine tulivuka mara moja, tumeshikana mikono, tukipiga kelele kila mguu ulipoguswa na kitu. Longinus alivuka sijui mara ngapi. Bi Sharifa alivushwa naye mgongoni, na Bi Sharifa si mwepesi. Alipomshusha ng'ambo, Bi Sharifa akamwombea dua ndefu ya kupata mke mwema, na Longinus akasema amina huku meno yakigongana.

Tulimcheka. Mtu wa Njombe anatetemeka kwa maji ya Msimbati.

Kwenye mivinje

Tukafungua mahema. Yalikuwa maturubai ya kufunikia magunia ya korosho. Hayakuwa na nguzo, hayakuwa na mlango, na yalinuka ghala. Bwana Chilumba akaeleza kwamba alipoomba mahema, mtu wa stoo alimwambia anavyo vitu vya kufunikia, naye akaona ni vile vile. Tukayafunga kwa kamba kwenye mivinje. Kibiriti kimoja kilikuwa kimelowa na cha pili kilikuwa na njiti chache, tukapata moto mwembamba, tukabandika maharage. Magharibi ilipoingia maharage yalikuwa bado yanalia kama kokoto sufuriani. Bwana Chilumba akauzima moto kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Halafu kusi ikaanza.

Nimezaliwa Mtwara na nilidhani naijua kusi. Naijua nikiwa ndani ya nyumba. Upepo ule ulitoka baharini ukiwa na manyunyu ndani yake, ukapita chini ya maturubai, juu ya maturubai na katikati yetu. Turubai la kwanza likang'oka likaenda zake. Nilivaa khanga zote nilizokuwa nazo, na juu yake gauni, na juu ya gauni nikajifunga taulo. Bi Sharifa akatulia ndani ya buibui lake kama kinda ndani ya yai, akawa ndiye mtu pekee aliyevaa kwa busara. Tulipangana kama samaki kwenye tenga, wanaume huku, wanawake huku, na gramafoni katikati kwa ajili ya adabu. Mwenye gramafoni akapendekeza tupige santuri ya dansi tuchangamke. Bi Sharifa akamwambia kwamba akiifungua tu, ataitupa baharini na yeye juu yake.

Tulicheka sana, sitaki mfikiri tulikuwa tunalia. Na wanaume waligombania kulala karibu na Longinus, kwa sababu walisema mwili wake una joto kama jiko. "Kumbe ndiyo maana Njombe hawafi," alisema mmoja, na kila aliyepata nafasi ubavuni kwake alijiona ana bahati.

Kulipokucha jua lilitoka safi, upepo ukapungua, tukaanika nguo na miili. Kila mtu alitetemeka kidogo kidogo mpaka akaacha. Longinus hakuacha. Alikaa juani amejikunyata, meno yanagonga, macho mekundu, na mwenzetu mmoja akaendelea kumtania juu ya lile koti lake. Longinus hakutabasamu. Akamjibu kwa Kibena, maneno mengi, kama anaongea na mtu wa kwao aliyesimama mbele yake.

Bi Sharifa akasimama, akamwekea kiganja shingoni, akakiondoa haraka.

"Huyu hana baridi," akasema. "Huyu anaungua. Mmelala naye mnaota moto wa homa yake."

Bwana Chilumba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaivua. Kisha akatenda jambo ambalo kwangu mimi limemfutia makosa yote ya safari ile: hakupuliza filimbi wala hakuitisha mkutano. Alitandika turubai mchangani, akamlaza Longinus, akashika pembe moja. "Shikeni," akasema.

Kwa Mama Rozalina

Lile turubai ambalo halikufaa kuwa hema lilifaa kuwa machela. Tulimwacha mwenzetu mmoja, Kassim wa stoo, alinde sufuria na mizigo, sisi wengine tukapokezana pembe. Maji yalikuwa bado yanatoka, tukangoja kidogo yapungue, na kijito tukakivuka kwa kulowa mapajani tu. Zahanati ilikuwa mbali, kule Msimbati kwenyewe, lakini baada ya mikoko tuliona moshi, na kwenye moshi kuna watu. Tulielekea huko.

Zilikuwa nyumba chache za udongo, za watu waliotoka ng'ambo ya Ruvuma miaka ile vita vilipoanza. Mama mmoja mnene, mwenye chale nzuri za Kimakonde usoni, alikuwa anatwanga. Alituona tukitokea: watu wamelowa, nywele zimejaa mchanga, mmoja amebebwa kwenye turubai, wengine miguu mitupu. Akauacha mchi ndani ya kinu, akaja mbio. Huyo ndiye Mama Rozalina. Hakuuliza majina yetu. Alimwita mumewe, Mzee Alberto, akamwambia kitu kwa Kimakonde cha kwao, na Mzee Alberto akachukua baiskeli kwenda kumwita dresa wa zahanati. Longinus akalazwa ndani kando ya moto, akafunikwa blanketi, na juu ya hilo blanketi jingine.

"Balidi imewaingia mpaka mifupani," akasema Mama Rozalina, ambaye hutamka kama wazee wengi wa upande ule. "Mmevuka lini?"

"Sasa hivi," akajibu Bwana Chilumba. "Tulingoja maji yapungue."

"Hakuna aliyebaki huko?"

"Amebaki mmoja. Tumemwacha peke yake, analinda vitu."

Mama Rozalina akafumba macho kidogo. "Mungu yupo," akasema. "Na usiku mmelala wapi?"

"Chini ya mivinje. Moto tulikatazwa."

"Najua," akasema taratibu. "Nasi tulilala hivyo hivyo, na watoto."

Bwana Chilumba alifarijika. Aliniinamia akaninong'oneza, "Kumbe na mama huyu amewahi kupiga kambi."

Tukapewa uji wa moto wa muhogo. Habari ikatembea nyumba hadi nyumba, majirani wakaanza kuja, kila mmoja na kitu mkononi: huyu bakuli la unga, huyu samaki wakavu, huyu kitenge kilichochakaa, huyu sweta la mtoto ambalo nililivaa hivyo hivyo, likanifika kwenye mbavu. Niliwaza, watu wa Msimbati ni wakarimu kupita kiasi. Niliwaza nikirudi nitawasifia kwenu.

Mwanamke mmoja mwembamba alikuja hana kitu. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono. "Dada, njiani ulimwona Mateu? Mrefu hivi. Ana kovu hapa." Akajigusa kidevu.

Nilidhani ni mtu wa kijijini, pengine mvuvi. "Hapana, mama. Sijamwona."

Alinitazama kidogo zaidi, akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Dresa na kamanda

Mzee Alberto alirudi na dresa amekaa nyuma ya baiskeli, na nyuma yao, kwa miguu na kwa haraka, kamanda wa mgambo, maana ameambiwa wameingia wageni na mmoja mahututi. Dresa hakumsalimia mtu. Alimpima Longinus, akavunja chupa ya dawa, akachoma sindano, akaagiza anyweshwe maji kidogo kidogo na vidonge asubuhi na jioni.

"Malaria," akatuambia baadaye, akinawa mikono. "Imempanda kichwani. Ametoka nchi ya baridi, damu yake haijaizoea. Na huko kulowa kumemmaliza. Mngengoja kesho, mngekuwa mnatafuta majembe."

Kamanda alikuwa amesimama mlangoni akitukagua tena mmoja mmoja, kama jana.

"Hawa ndio wageni?" akamuuliza Mama Rozalina. "Hawa ni watu wa bandari. Nimewaruhusu mimi mwenyewe. Wapo kambini."

"Kambi ya nini?" akauliza Mama Rozalina.

Kamanda akatafuta neno. "Ya starehe," akasema.

Nikatazama lile sweta mwilini mwangu, blanketi, bakuli za unga zilizopangwa ukutani. Nikaelewa yote mara moja, kuvuka Ruvuma, kubaki ng'ambo, mivinje, moto, na uso ukanichoma. Bwana Chilumba yeye alielewa polepole, niliona maana ikimfikia hatua kwa hatua, na ilipomfika aliinuka akasimama kama mwanafunzi.

"Mama," akasema, "tulivuka kijito."

"Kijito," akarudia Mama Rozalina.

"Kile cha mikoko."

Mama Rozalina akatukodolea macho. "Kwenu Mtwara mna nyumba?"

"Tunazo, mama," akasema Bi Sharifa.

"Zina paa?"

"Zina mabati."

Akakaa chini. Nilidhani amekasirika, na angekuwa na haki. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na kicheko kilipotoka kilikuwa kikubwa kuliko yeye, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akawaeleza majirani kwa Kimakonde, nao wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Hata Longinus aligeuka chini ya mablanketi yake akauliza, kwa Kiswahili sasa, kuna nini.

Nilitoka nje kumtafuta yule mwanamke mwembamba. Nilimkuta anachambua kisamvu. Nikamwomba radhi, nikamwambia mimi si mtu wa ng'ambo, sikujua ananiuliza nini.

"Mateu ni kaka yangu," akasema. "Nimeshaambiwa nyinyi ni watu wa mjini. Usijali. Ulinijibu vizuri. Wengine, kwa kunihurumia, husema wamemwona."

Nikakaa nikamsaidia kuchambua.

Kambi haikuendelea. Kassim aliletwa na mizigo, na kila chakula tulichobeba kilipikwa pale uani kwa Mama Rozalina: mchele wote, sukari yote, na yale maharage, ambayo kwenye moto wa watu wenye kuni yaliiva bila kinyongo. Kila aliyeleta bakuli alirudishiwa limejaa. Mwenye gramafoni alipata siku yake hatimaye. Mzee Alberto alicheza dansi na mkewe bila kutazama pembeni, na Bi Sharifa akapiga makofi akisema yeye anapiga tu kwa ajili ya mgonjwa.

Longinus aliketi mlangoni siku ya pili, amekonda uso, anakunywa uji. Bwana Chilumba alimwomba msamaha mbele yetu, akashindwa kumaliza. Longinus akamwambia, "Bwana Chilumba, watu wananiuliza mbona mtu wa Njombe anasikia baridi. Kwetu baridi ipo, lakini tuna kuta." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema ofisini au nje ya ofisi.

Kabla lori halijaja, Mama Rozalina alimkalisha Bwana Chilumba akamuuliza kwa dhati. Hakuwa anacheka. Alitaka kujua ni nini hasa kinamfanya mtu mwenye nyumba atoke akalale nje.

"Ni kupumzika, mama."

"Mmechoka na nyumba?"

"Hapana. Ni kubadilisha hewa."

"Hewa," akasema Mama Rozalina, akaangalia mivinje kule mbali, na Bwana Chilumba akaacha kueleza.

Rahaleo tena

Kurudi hakukuwa na vituko. Longinus alikaa mbele na Mzee Saidi, amefunikwa kitenge. Tulipita Madimba vijana wakatupungia. Mchanga ulituruhusu.

Mngedhani safari imeisha hapo, nami nilidhani hivyo. Lakini juzi, nikitoka kazini, nilimkuta Mama Rozalina ameketi barazani kwetu na tenga la pweza wakavu, amekuja kuuza sokoni, na amefika kwa kuulizia nyumba ya binti anayepiga chapa bandarini. Mama yangu alikuwa ameshampikia. Tulimtandikia kitanda changu, shuka safi, blanketi. Akashukuru sana, akaingia chumbani, nami nikalala kwa mama.

Alfajiri nilipoamka kuteka maji nilikuta chumba kitupu na kitanda kama kilivyotandikwa. Moyo ukaniruka, nikadhani tumemkosea kitu, ameondoka. Nikafungua mlango wa uani. Mama Rozalina alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya mbingu, amejifunika khanga moja, macho wazi, ametulia kabisa.

"Mama, kuna nini? Kitanda kibaya?"

"Kitanda kizuli sana," akasema. "Nilitaka kujua ile hewa yenu."

Nikachuchumaa karibu naye. Kulikuwa na ubaridi, upepo wa kusi ulikuwa unapita juu ya ua.

"Sasa umeonaje?"

Alifikiri, akageuza kichwa kuutazama mlango nilioutokea, ambao ulikuwa bado wazi nyuma yangu.

"Si kubaya," akasema. "Kama mlango uko pale, na unajua utafunguliwa, nje si kubaya hata kidogo."

Nikaingia ndani nikachukua blanketi, nikarudi nikalala ubavuni pake mpaka jua lilipotoka.